Chumba cha Nazari Ndani ya Kompyuta

Umeme wa Mbinga ulikatika saa nane na robo mchana, na kompyuta ya Serafina haikuzimika.

Redio ya duka la mbele ilinyamaza katikati ya matangazo ya vifo. Mashine ya kusaga kule sokoni ililia wiiii, ikafa. Balbu ya steshenari ikazima. Lakini kioo pale mezani kiliendelea kuwaka, na ule mstari wa buluu uliokuwa ukitambaa ndani yake uliendelea kutambaa: sitini na moja, sitini na mbili, sitini na tatu.

"Fundi," Serafina aliuliza, "hii ina betri?"

"Haina, dada."

"Sasa inakula nini?"

Fundi Lusekelo alikuwa mtu mzima, mtumishi wa halmashauri aliyehamishiwa kutoka Tukuyu, mwenye mke na watoto wanne, na kompyuta za watu alizitengeneza Jumamosi. Aliinama chini ya meza, akaufuata waya kwa mkono mpaka ukutani, akauchomoa. Akabaki ameushika kama mtu aliyekamata mkia wa panya na hajui autupe wapi. Mstari ukaenda: sitini na nne, sitini na tano.

"Huwa unabaki umeme kidogo ndani," alisema, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayejua.

Walisimama wote wawili wakitazama mpaka mstari ulipofika mia. Kioo kiliandika kwamba kazi imekamilika. Hapo ndipo kompyuta ikazimika, na kwenye matundu yake ya nyuma ikatoka pumzi moja ndefu ya baridi, yenye harufu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, wabichi walioanikwa mchangani.

Mbinga iko juu milimani, nyie. Ziwa liko chini kabisa, unashuka kona baada ya kona, unapita Kingerikiti, masikio yanaziba, ndipo unaliona. Usipa wa Mbinga hufika wamekauka kama kuni. Serafina alikwenda mlangoni kuangalia kama kuna mchuuzi amepita. Nje kulikuwa na ukungu wa mwezi wa saba tu, na barabara tupu.

Kompyuta ile aliileta mumewe, Nazari. Nazari alikuwa mtoto wa Lipingo, wa ziwani, akawa karani katika moja ya makampuni ya kahawa yaliyokuja na soko huria. Kampuni ilipofunga ofisi na kuondoka, iligawa viti na makabati kwa wafanyakazi, na Nazari akapata kompyuta. Aliibeba begani kama mbuzi wa mahari. Serafina akaifungulia steshenari, akawa anachapa mitihani ya shule na kadi za harusi. Na kwa kuwa mashine ilikuwa moja na wao ni wawili, Nazari aliigawa diski kwa ndani. Kulikuwa na upande unaoitwa C na upande unaoitwa D, na kati yao kama ukuta.

"Huku C ni kwako na mitihani yako," alimwambia mkewe. "Huku D ni chumbani kwangu. Usiniingizie madude."

"Na wewe usinitolee huku nyimbo zako za ziwani. Wateja watadhani nauza samaki."

Alicheka Nazari, kicheko chake kile cha kuanzia puani. Ndani ya D aliweka barua zake, picha zake, na sauti: sauti ya mama yake Winifrida akisimulia, sauti yake mwenyewe akimwimbia binti yao Eunice alipokuwa hajaota meno.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa nane, alishuka Mbamba Bay akapanda mtumbwi kwenda kwao Lipingo. Upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, uliwakuta katikati ya ziwa. Wenzake wawili waliogelea wakafika. Nazari ziwa halikumrudisha, hata kiatu. Walizika mgomba mahali pake, wakaufunga sanda, padri akausomea.

Sasa watu wa ziwani wana jambo lao, na Serafina, binti wa milimani, alilisikia siku ile ya msiba kwa mara ya kwanza. Mtu aliyebaki majini hana kaburi, kwa hiyo hana mlango wa kufunga. Vitu vyake havichanganywi na vya walio hai mpaka mwaka uishe na matanga yaanuliwe. Nguo zake huwekwa chumba chenye ukuta mzima, kisichotazamana na mahali mnapolala. Ukizichanganya umefungua mlango, na anayeingia wa kwanza si marehemu. Ni kile kilichomshika. Kinakuja kimevaa sauti yake.

Winifrida na wanawake wa Lipingo walikusanya mashati, kofia, mpaka mswaki, wakaweka stoo ya nje. Walidhani wamemaliza. Nani kati yao angejua kwamba Nazari ana chumba kingine, ndani ya kisanduku cha chuma juu ya meza?

Halafu ikaja kazi ya kitabu cha jubilei ya parokia. Picha mia tatu za wazee wa zamani, za kupitisha kwenye skana moja moja. Picha ya mia na ishirini ilipoingia, kioo kikaandika kwamba C imejaa. Ndipo akaitwa Lusekelo.

"D ina nafasi kubwa imekaa bure," fundi alimwambia. "Vya humo ni vya nani?"

"Vya marehemu."

"Tuvifute?"

Serafina alimtazama kama mtu aliyeambiwa amzike mume mara ya pili.

"Basi hifadhi kazi zako humohumo D, usihangaike."

"Niwe naingia na kutoka chumbani kwake kila siku, na mwenyewe hayumo? Fundi, tangu afe sijagusa hapo hata kwa kidole." Akamgeukia. "Huwezi kuondoa huo ukuta? Iwe nyumba moja. Vyake na vyangu vikae pamoja. Miezi kumi na moja nimelala na ukuta, nimechoka."

"Inawezekana. Zinaitwa patisheni, zinaunganishwa. Ila tuombe umeme usikatike katikati, maana ukikatika vinapotea vyote, vyako na vyake."

Hayo ndiyo aliyoyaomba Serafina, na hivyo ndivyo alivyopewa.

Jumapili asubuhi Eunice, mtoto wa miaka saba, aliamka nywele zimelowa. Mama yake alidhani amejimwagia maji. Alipozisuka aliona mchanga kwenye ngozi ya kichwa, ule mchanga mweupe laini, na huku kwetu udongo ni mwekundu.

"Ulikuwa unacheza wapi?"

"Sijacheza, mama. Nilikuwa nimelala na baba."

"Baba yako alikufa, mwanangu."

"Najua. Amesema asante kwa kuondoa ukuta."

Serafina kitana kikamtoka mkononi. Hakuna aliyemwambia mtoto habari ya ukuta.

Jumatatu alifungua kompyuta aendelee na jubilei. Picha ya kwanza ilikuwa ya katekista wa zamani akiwa mbele ya kanisa. Aliitazama, akasogea karibu. Mzee yule alikuwa amesimama kwenye maji. Yalifika vifundoni, meusi, yametulia. Akafungua ya pili, ya masista watatu, na maji yalikuwa kwenye pindo za kanzu zao. Ya tatu, ya harusi, maji yalifika magotini mwa bibi harusi, na watu wote walikuwa wakitabasamu vilevile kama walivyotabasamu siku ile. Alichukua picha yenyewe ya karatasi, akailinganisha. Kwenye karatasi palikuwa pakavu.

Alimwita Lusekelo saa ya chakula cha mchana. Fundi akaja na mhogo wa kuchoma mkononi, akauacha ukapoa. Alibofya hapa na pale, akamwonyesha mduara wa rangi mbili. "Buluu ni palipojaa. Waridi ni nafasi iliyobaki. Juzi nilikuachia nusu yake waridi. Leo ni robo. Umeingiza nini?"

"Sijaingiza kitu."

"Kuna kitu kinaingia."

Wakiwa wanautazama, buluu ikapanda. Kidogo sana, kama maji ya kisima baada ya mvua. Na kutoka chumba cha nyuma, Eunice akakohoa.

Walimkuta ameketi kitandani, kidevu kimelowa, na mbele yake juu ya blanketi maji ya kiasi cha kikombe, na katika maji yale usipa mmoja, mdogo kama sindano, anaruka.

Hospitali ya misheni muuguzi aliweka kipimo mgongoni kwa mtoto, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. "Mama, mtoto huyu alizama lini?"

"Hajazama, sista. Ziwa hajaliona tangu mwaka jana."

"Mapafu yamejaa maji."

Walimlaza, wakamtoa maji, wakampa sindano. Jioni yalirudi palepale. Serafina alikuwa akitoka wodini anakimbia mpaka steshenari, anafungua ule mduara, anaangalia, anarudi mbio wodini, na kila alipokuta waridi imepungua kidole alikuta na pumzi ya mwanawe imepungua kidole, mpaka akaelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja, na kwamba siku ile mduara utakapokuwa buluu tupu, Eunice atazama kitandani kwake, juu mlimani, mchana, watu wote wakiwa wamesimama wanamtazama.

Alhamisi akafika Winifrida, mama mkwe. Hakuitwa na mtu. Alikuja na gari la asubuhi kutoka Mbamba Bay, kikapu kichwani, akaenda moja kwa moja steshenari kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Aliposhika kizingiti akasimama, pua juu.

"Shikamoo, mama," Serafina alisema.

Winifrida hakuitikia, yeye ambaye salamu kwake ni kama kula. "Mkwe wangu, kwa nini nyumba yako inanuka Lipingo?"

Serafina akapiga magoti pale sakafuni, akaeleza yote. Alipofika kwenye "ondoa ukuta," bibi yule alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Zimebaki wiki tano matanga yaanuliwe! Wiki tano tu, Serafina!"

"Sikujua, mama. Nilidhani ni nguo tu. Nilikuwa nataka awe karibu."

"Najua ulichotaka. Na mimi ni mama yake." Akajifuta macho na ncha ya kanga. "Nguo zake nimezinusa mara ngapi usiku kule stoo, nani anajua. Lakini sikuzitoa."

Lusekelo, aliyekuwa ameitwa tena na kuketi kwenye kompyuta, akasema hilo si la kulia, ni la kufuta. "Tupige fomati. Diski yote iwe nyeupe. Kikiwemo kitu kitakwenda nacho."

Serafina alikuwa amemtoa Eunice wodini mchana ule, kwa kuwa madaktari hawakuwa na la kufanya tena, na mtoto alilala chumba cha nyuma mlango ukiwa wazi. Fundi akabofya. Kioo kikauliza kama ana uhakika. Akabofya tena, na palepale mtoto akakakamaa, mgongo ukainuka juu ya kitanda, midomo ikawa ya buluu, na katika spika mbili zile ndogo pembeni ya kioo, ambazo hazikuwa zimechomekwa, sauti ya Nazari ikasema taratibu, kwa upendo, kama anavyoita mtu aliye chumba cha pili:

"Sera, mwambie aache. Yumo humu na mimi."

"Acha! Fundi, acha, acha, acha!" Winifrida alipiga kelele, na Lusekelo akaachia kipanya kama kaa la moto, akasimamisha kila kitu, akabaki mikono juu. Mtoto akavuta pumzi moja, yenye maji ndani yake, kama mtu anayekoroma chini ya mto.

Hapo ndipo Winifrida alipotuma gari Lipingo likamlete Hilaria, mganga wa mambo ya majini.

Hilaria alifika siku ya pili, Ijumaa mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha. Kama ulitegemea hirizi na mkia wa nyumbu, ungevunjika moyo. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye sweta la shule la mtu mwingine, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuanika usipa. Alimtazama mtoto kwanza. Akaweka sikio kifuani. Kisha akaja mbele ya kompyuta, akaizunguka, akaigonga ubavuni kwa kidole kama anachagua chungu sokoni.

"Humu ndimo?"

"Humo, bibi. Shikamoo," Lusekelo alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyebomoa?"

"Nilitumwa."

"Mchimba kaburi naye hutumwa, lakini udongo unabaki kwenye kucha zake. Kwenu wapi?"

"Tukuyu."

"Mnyakyusa. Ziwa moja, upande wa juu. Na hukujua! Mama yako yuko hai?"

"Yupo."

"Mwambie akupige." Akavuta kiti. "Mimi hiki kisanduku sikijui. Na wewe kilichomo hukijui. Kwa hiyo leo utakuwa mikono yangu na mimi nitakuwa macho yako. Aliyebomoa ndiye anayejenga. Jenga ukuta."

Lusekelo akaketi, akatazama mduara. Waridi ilikuwa imebaki kama uzi. "Bibi, ukuta unahitaji nafasi ya kusimama. Nafasi haipo."

"Ipatikane."

Serafina hakungoja. Aliinama juu ya bega la fundi, akashika kipanya mwenyewe, akafuta jubilei. Katekista, masista, bibi harusi, wazee wote wamesimama ndani ya maji mpaka shingoni, wanatabasamu. Kazi ya miezi miwili, na jina lake mbele ya parokia nzima. Waridi ikapanuka ikawa kipande. Fundi akaingiza sidii yake, akafanya anayoyajua, na D ikasimama tena, tupu.

Hilaria akamwaga mstari wa unga wa muhogo juu ya meza, kutoka ukutani, ukapita chini ya kioo, mpaka kwenye tumbo la Serafina. "Mama, nyinyi watu wa milimani mnalima ngolo, yale mashimo ya matuta. Mnajua matuta yale ni ya nini. Maji ya kila shimo yakae humohumo, mlima usishuke. Ndivyo hivyo. Fundi atakuonyesha kitu kimoja kimoja. Cha kwako sema 'changu'. Cha kwake sema 'chako'. Kwa sauti, na umtajie jina. Utasikia mengi. Usijibu. Ukijibu tumekwisha."

Wakaanza. Mtihani wa darasa la sita. "Changu, Nazari." Barua kwa kaka yake. "Chako, Nazari." Kadi ya harusi. "Changu." Wimbo. "Chako, Nazari." Na kila alichosema chako kikihama, chumba cha nyuma mtoto alikohoa maji, na Winifrida alikinga beseni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili beseni lilijaa bila kifua kujaa tena.

Kisha spika zikaanza. Mwanzo ni mawimbi tu, mbali. Halafu makasia. Halafu, katikati ya makasia, sauti yake.

"Sera. Hiyo barua niliiandika kwa ajili yako."

"Chako, Nazari."

"Kuna baridi huku, Sera. Unanigawa kama nyama. Ulisema umechoka kulala na ukuta, nimekuja, unanifukuza?"

Serafina machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye vitufe. "Chako. Chako, Nazari."

Harufu ikazidi, maji yakaanza kuchuruzika kwenye matundu ya kompyuta, yakatiririka juu ya meza, yakafika kwenye mstari wa unga yakasimama hapo, yakapanda yenyewe kama yamegonga kioo, na sauti ikaacha kuwa ya Nazari, ikawa nene, ikawa ya watu wengi wanaozungumza wakiwa na maji mdomoni, ikawaita Serafina na Winifrida na Lusekelo kwa majina yao, na ikamtaja mama yake Lusekelo aliyeko Tukuyu, na rangi ya mlango wa nyumba yake, lakini fundi hakuinuka, nampa sifa yake, hakuinuka.

"Ngapi zimebaki?" Hilaria aliuliza.

"Moja," fundi akanong'ona.

Ikafunguka kwenye kioo. Ni picha ya Mbamba Bay, ufukweni, Eunice akiwa na miaka mitano, gauni la njano, anacheka bila meno mawili. Pembeni yake Nazari amechuchumaa, uso wake umejaa jua, mkono wake uko juu ya bega la mtoto. Hawakupiga nyingine pamoja. Hiyo tu.

Serafina aliyapima maneno yale mawili. Akisema changu, baba anabaki ndani ya nyumba, na kile kilichomshika. Akisema chako, mtoto anakwenda naye.

"Ifute," alisema Hilaria.

"Hana nyingine na baba yake."

"Ifute, mama."

"Atamsahau sura! Hata kaburi hana, bibi, tulizika mgomba! Nitamwonyesha mgomba?"

Kule nyuma Winifrida akaita, "Ameacha kukohoa! Serafina, hapumui!"

"Naweza kuikata," Lusekelo alisema haraka haraka. "Picha inakatika. Baba huku, mtoto huku. Zinakuwa mbili."

Hilaria alimtazama. Alisita, na yeye mwenyewe baadaye aliungama kwamba kosa lake lilikuwa hapo, aliposita. "Safi? Kusibaki chake hata ukucha?"

"Safi."

Fundi akakata. Nazari akahamia D na jua lake usoni. "Chako, Nazari," Serafina alisema. Spika zikalia mara moja, kama mtungi uliojazwa mpaka mdomo, zikanyamaza. Maji mezani yakalala. Na mtoto akapiga chafya, chafya kavu kabisa, akasema anataka uji.

Winifrida alianguka kifudifudi akimshukuru Mungu na Bikira Maria. Lusekelo akaificha ile D kwa namna wanavyojua wao, isionekane wala isifunguke, na Hilaria akaifunga kompyuta kitambaa chekundu mpaka matanga yaishe. Mtoto alikunywa vikombe viwili.

Lakini kabla kioo hakijazimwa, Serafina alikuwa ameitazama ile nusu iliyobaki. Gauni la njano, meno mawili hayapo. Na juu ya bega la mtoto, mkono. Fundi alikata palipoonekana hewa kati ya miili miwili, lakini mkono ulikuwa upande wa huku: vidole vinne vya Nazari, vimetulia begani, na pete yake ya ndoa.

Lusekelo aliona. Alimtazama Serafina. Serafina akatikisa kichwa, kidogo tu, kwa macho ya mtu anayeomba maji. Fundi akaifunga picha bila kumwambia Hilaria. Siku chache baadaye, akiwa peke yake, Serafina alikifungua kile kitambaa kwa muda wa kuchapa karatasi moja. Akaitia picha kwenye fremu, akaitundika sebuleni.

Mwezi wa nane ndugu wa Lipingo walipanda Mbinga kuanua matanga. Stoo ilifunguliwa, mashati yakagawanywa, pombe ikanywewa, watu wakacheka kwa mara ya kwanza kwa sauti. Eunice alikuwa amenenepa, anakimbizana na kuku. Winifrida aliingia sebuleni kutafuta ungo, akaona fremu ukutani.

Alisogea. Macho yake hayakuwa mazuri, akasogea zaidi.

"Serafina. Njoo."

Serafina akaja na mwiko mkononi.

"Huu mkono wa nani?"

"Wa baba yake, mama. Nisamehe. Ni mkono tu. Vidole vinne tu."

Winifrida hakugombeza. Aliinua kidole chake cha shahada, akahesabu bila kugusa kioo: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Cha tano kilikuwa upande wa mbele, gumba, limelowa, limelala kwenye koo la mtoto. Na pembeni, pale ambapo picha ilikatwa, palipokuwa hakuna kitu, sasa palionekana kiwiko.

Serafina alirukia fremu aishushe. Ukuta nyuma yake ulikuwa umelowa mpaka chini.

"Usiishushe, mama." Eunice alikuwa mlangoni, kuku kwapani, anaongea kawaida kabisa, kama anaagiza chumvi. Nywele zake zilikuwa zikidondosha maji kwenye sakafu, tone, tone. "Amesema mkono umeshafika. Anauliza, umebaki ukuta mwingine?"